Gogo la Ua

Kansas, Februari, ardhi ngumu kama sahani.
Mti huu huku huitwa Ua,
kwa kuwa wazee waliupanda uwe ua
kabla seng'enge haijafika kwa treni.
Miiba. Matunda ya kijani yenye mikunjo ya ubongo.
Ng'ombe hapiti. Sungura anapita.

Tulikata mmoja ulioangushwa na dhoruba,
mimi, bibi Ottilie, na mjomba Harlan
aliyekuja na msumeno wake na maneno yake.
Katikati, msumeno ukapiga yowe. Cheche.
Ndani ya mti, seng'enge:
mwiba wa chuma uliomezwa na mti wa miiba,
miaka themanini, pete juu ya pete,
haukutemwa, haukusagwa.
"Huo ni mkono wa baba yangu," bibi akasema.
Tukauacha. Tukakata shibiri mbili chini yake.

Kabari ya kwanza ilirukia theluji.
Ya pili ikauma.
Kuanzia hapo husikilizi nyundo,
unasikiliza gogo linavyojibu:
kwanza kimya,
halafu kama mtu anayechana shuka chumba cha pili
na hataki asikike.
Ufa ukatembea. Nikaufuata,
nikikata kwa shoka nyuzi zilizokataa kuachana.
Likafunguka.

Manjano!
Manjano ya kiini cha yai la kuku anayejitafutia,
rangi ambayo Februari haikuwa nayo popote pengine.
Mjomba akavua kofia. Ndiyo, mjomba.

Vipande vinne. Viwili vimejisokota
kama tambara mkononi mwa mfuaji.
Kimoja kina fundo. Kimoja kimenyooka.
"Kimoja kwa vinne ni bahati," bibi akasema,
akimtazama Harlan.
"Mimi nilizaa sita."

Tukabandua gome, maana dumuzi hutaga chini yake,
tukaparua nyama nyeupe mpaka pete ya kwanza ya manjano,
tukaifuata hiyo, hiyo tu, tusiikate.
Ncha tulizipaka rangi ya samawati
iliyobaki kwenye mlango wa banda la maziwa.
Maji ndani ya mti ni kama wageni wa harusi:
wote hutaka kutoka kwa mlango mmoja,
na mlango ndio hupasuka.

Harlan alichukua kile chenye fundo,
akakiweka karibu na jiko,
kufikia Mei akawa na upinde.
Alipiga mishale mitatu. Akafungua ugwe,
upinde ukabaki umeinama
kama mtu aliyesahau kwamba salamu zimekwisha.
Samaki hukunjwa angali mbichi.
Mti si samaki.

Chetu kilipanda darini.
Kila tarehe mosi tulikishusha
tukakipima kwa mizani ya kuku,
bibi akaandika kwa penseli nyuma ya mlango.
Machi, ratili kumi na moja, wakia tisa.
Aprili, kumi na wakia kumi na nne.
Juni, kumi kasorobo.
Sikujua kuwa mti hunyauka kwa adabu hivyo,
bila kelele, ukiacha namba tu.

Mwaka wa pili daktari wa mjini
alianza kumpima bibi pia.
Hizo hatukuziandika mlangoni.

Ua ni uzio. Ua ni kilichochanua chini ya kabari.
Ua ni amri atakayopewa upinde huu Novemba,
paa atakaposimama kwenye mabua ya mahindi.
Niliyawaza haya nikiwa juu ya ngazi,
mikono imejaa vumbi,
bibi akiniuliza kutoka chini, "Ngapi?"

Agosti, saba na wakia mbili.
Septemba, saba na wakia mbili.
Oktoba, kwa mwandiko wangu,
saba na wakia mbili.

Nikakibana kwenye meza ya kazi.
Juu kilikuwa kimegeuka kahawia, rangi ya chai iliyolala.
Nikavuta kisu cha mikono miwili mara moja, taratibu.
Ganda likajikunja, likaanguka.
Chini yake, yai.